Anza na vinundu vya mgongoni, chambo kitafuata

Mdogo wangu unayeanza kazi kwenye chumba cha mitungi ya samaki waliohifadhiwa, siku ya kwanza utaona samaki wavuvi wa kilindini wote ni wamoja. Weusi tii, mdomo mpana, tumbo legelege, na juu ya kichwa ufito wenye chambo nchani. Spishi zilizokwisha kupewa majina zinapita 160, na kitabu cha utambuzi kitakupeleka moja kwa moja kwenye chambo, kwa kuwa ndicho kinachotofautiana zaidi kati ya ndugu na ndugu. Ni kweli kabisa. Lakini mimi nilikimbilia chambo mapema mno, na nikaandika majina ya uongo kwenye lebo kadhaa kabla ya kushtuka. Sipendi ulipitie hilo.

Chukua familia ya Ceratiidae, ambayo utakutana nayo mara nyingi. Ina jenasi mbili tu. Mlaze samaki kwenye sinia lenye maji kidogo, mgongo uelekee kwako, utazame mbele ya pezi laini la mgongoni. Hapo pana vinundu vya nyama. Vikiwa viwili, una Ceratias. Vikiwa vitatu, una Cryptopsaras couesii, na jenasi hiyo haina spishi nyingine. Pitisha ncha ya kidole taratibu, usitegemee macho pekee, maana samaki aliyechubuliwa na wavu huweza kukuficha kinundu kimoja. Kwa majike wakubwa vinundu huonekana vidogo mno ukivilinganisha na mwili. Ukibaki na shaka, geukia ufito: wa Cryptopsaras ni mfupi sana, karibu wote umemezwa na nyama ya chambo chenyewe, na wa Ceratias ni mrefu na mwembamba.

Kuna kitu kingine kitakachokuchanganya hapo. Ufito wa Ceratias umeshikwa na mfupa mrefu unaoteleza mbele na nyuma kwenye mfereji wa juu ya kichwa. Mfupa ukirudi nyuma, mwisho wake hujitokeza mgongoni kama kijiti. Nimeona watu makini wakiuhesabu kuwa kinundu. Ukivuta ufito kidogo kwa kibano, nacho kijiti kikasogea, basi umeshajua ni nini.

Sasa ndipo chambo kinapoingia. Ceratias wana spishi tatu. Chambo cha Ceratias uranoscopus ni kitufe kitupu, hakina kitu juu yake. Cha Ceratias holboelli kina kijitawi kimoja nchani. Cha Ceratias tentaculatus, ambaye ni samaki wa bahari za kusini, kina vijitawi viwili. Kwa maneno ni rahisi hivyo: sifuri, moja, mbili.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoniangusha. Nilikuwa na jike wa urefu wa kiganja, chambo kikiwa laini kama punje ya dengu. Nikaandika uranoscopus, nikafunga mtungi, nikaendelea na mwingine. Baada ya miezi mwenzangu aliyenitangulia kazini akakirudisha kile chambo chini ya hadubini, akakizungusha akiwa amekitumbukiza kwenye spiriti, taa ikimulika kutoka ubavuni. Nchani palikuwa na kikovu cheupe, kidogo kuliko chembe ya chumvi, kingo zake zimechanika. Kijitawi kilikuwepo, wavu ukakikata. Samaki huyu huvutwa kutoka mamia ya mita, akisuguana na kila kilichomo wavuni, na chambo ni kati ya vitu vya kwanza kuumia. Tangu siku hiyo siandiki "hakuna kijitawi" kabla sijaizungusha ncha yote nikitafuta kovu. Kitazame kikiwa ndani ya spiriti kila mara. Kikitolewa nje hujikunja na kushikamana, usione kitu.

Umri nao una neno lake. Chambo cha samaki mchanga hakijakamilika kama cha mzima, kwa hiyo linganisha wadogo na wadogo. Waliotutangulia waliteleza hapo hapo. Mwaka 1932 wataalamu wa samaki wa Uingereza, Charles Tate Regan na Ethelwynn Trewavas, walichapisha kazi kubwa juu ya samaki waliokusanywa na meli ya Denmark iitwayo Dana, wakatoa majina mapya mengi, baadhi kwa tofauti ndogo za chambo. Cryptopsaras peke yake walimgawa katika spishi kadhaa. Leo zote zinahesabiwa kuwa couesii, jina la mwaka 1883. Nawaheshimu sana wawili hao. Walikuwa na samaki wachache mkononi kuliko tulio nao sisi.

Geuza tumbo pia, kila samaki, hata ukiwa na haraka. Mwaka 1922 Bjarni Sæmundsson, mtaalamu wa samaki wa Iceland, alikuta visamaki viwili vimeganda kwenye jike la Ceratias holboelli, akadhani ni watoto wake. Miaka mitatu baadaye Regan akaonyesha kuwa viumbe wa namna hiyo ni madume, wameungana na jike nyama kwa nyama. Ukiona kipande kinaning'inia, usikikate ukidhani ni ngozi iliyochanika. Dume linaloogelea peke yake halina chambo kabisa na urefu wake ni kama sentimita moja, kwa hiyo haya niliyokueleza hayatakusaidia kulitambua. Liweke kando, mpe anayejua kuhesabu vijiti vya mapezi na vijino vya puani.

Samaki akifika mbichi, kata kipande cha msuli cha ukubwa wa punje ya mchele, ukitie kwenye spiriti safi kabla mwili haujaingia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia samaki, kwa sababu formalini huharibu vinasaba. Piga picha ya chambo siku hiyo hiyo, pande zote.

Na lebo iandike kwa penseli. Ukikuta kovu nchani na huwezi kujua palikuwa na kijitawi kimoja au viwili, andika "Ceratias sp., chambo kimekatika" ("sp." maana yake spishi haijatambuliwa), kisha tarehe na jina lako.