Meza Imepasuka Kiangazi: Je, Kosa Ni la Gundi?

Swali: Mimi ni seremala wa Katuba, hapa Lubumbashi, na ninawafundisha vijana wanne kutengeneza fanicha kwa mikono, bila mashine. Mwezi wa pili tulimaliza meza ya mkaratusi yenye upana wa sentimita 80, tukaitia gundi na kuipigilia misumari vizuri. Sasa ni mwezi wa nane na uso wake umepasuka. Muuza vifaa ananihimiza ninunue kole, yaani gundi, kali zaidi, tena ya bei. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize, fundi mwenzangu. Kila kiangazi naletewa meza ya namna hii, na kila mara mwenyewe amekwisha kuuziwa kopo jingine la kole. Utazame ufa huo kwa karibu kabla ya kutoa hata faranga moja. Ukiwa umepita ndani ya ubao wenyewe na kuacha maungio yakiwa mazima, basi gundi yako ilishinda nguvu za mbao, na gundi kali zaidi isingekuokoa.

Kinachonichosha ni ile imani kwamba mbao iliyokwisha kuwa meza imekufa na haitatikisika tena. Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa muda wote, hata ikiwa imepakwa vanishi, ambayo hupunguza tu mwendo huo. Mvua zetu za Novemba hadi Machi huivimbisha, na upepo mkavu wa Agosti na Septemba huisinyaza. Husinyaa kwa upana. Kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki kabisa. Uso wa sentimita 80, hasa wa mkaratusi ambao ni mti mkorofi, unaweza kupungua kwa zaidi ya sentimita moja, ilhali mbao za fremu zinazoukingama chini yake zinabaki na urefu uleule. Wewe umeushikilia kwa misumari pande zote mbili, nao, usipopata pa kwenda, umechanika.

Ing'oe misumari sasa, wakati mbao ingali kavu, uunge ufa, kisha urudishe uso juu ya fremu kwa vishikizo vidogo vya mbao: kishikizo kinakazwa kwa skrubu chini ya uso, na ulimi wake unaingia katika mfereji uliochongwa upande wa ndani wa fremu, ukiachiwa nafasi ya kuteleza. Vijana wako wavichonge wao wenyewe kwa patasi.

Na kabla hawajafundishwa kuchonga maungio ya tundu na ulimi, wape somo ambalo mimi huanza nalo. Kila mmoja akate kipande chembamba kwa kukingamisha nyuzi za ubao mpana, aandike juu yake upana na tarehe kwa kalamu ya risasi, akitundike ukutani, na akipime tena kila mwezi. Kijana aliyeona kipande chake mwenyewe kikipungua milimita baada ya milimita hahitaji kuhubiriwa.

Kuna na wale wanaokausha mbao mbichi kando ya mbabula, yaani jiko la makaa, wakijisifu kwamba baada ya siku tatu iko tayari. Moto hukausha ngozi ya mbao huku moyo ukiwa bado umelowa. Ngozi husinyaa juu ya moyo usiosinyaa, na nyufa huanza hata kabla ya randa kupita. Kwa kukaushia hewani, kipimo cha mafundi ni takribani mwaka mmoja kwa kila unene wa milimita 25, mbao zikiwa zimepangwa kivulini, vijiti katikati yake, na vichwa vyake vimepakwa rangi kuukuu. Mti wa mulombwa (mninga) hutulia kuliko mkaratusi, lakini nao unahitaji kungojewa.

Kwa hiyo sielewi mtu anawezaje kutangaza kwamba anafundisha useremala kwa majuma mawili. Katika muda huo mwanafunzi hajajua hata kunoa patasi ikakata vizuri kichwa cha ubao, sembuse kuiona mbao ikipita majira ya mvua na kiangazi. Anatoka na cheti na nyundo, na misumari inakuwa jibu lake kwa kila jambo. Mzazi anayetaka kumlipia mtoto wake mafunzo ya aina hiyo aombe kwanza kuonyeshwa rundo la mbao zinazokauka, lenye tarehe iliyoandikwa juu yake. Asipolikuta, arudi nyumbani na fedha zake.