Kwa Nini Wanaipita Pampu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Unauliza ni kwa nini akina mama wa kijiji hicho cha Sengerema, ulikopelekwa kwa mafunzo ya vitendo, wanaipita pampu ya mkono iliyo nzima na kwenda kuchota maji ziwani, ilhali wanajua kuwa kuna kichocho, na kama tatizo ni ukosefu wa elimu. Unaongeza kwamba kisima kinatimiza Sera ya Maji ya mwaka 2002, yaani kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400 kutoka majumbani.

Tatizo si elimu, mwanangu. Kabla hujazaliwa nilikuwa mweka hazina wa kamati ya maji kijijini kwetu Magu, na sisi pia tuliipita pampu yetu. Maji yalitoka maangavu kabisa, lakini yakikaa kwenye ndoo hadi jioni yaligeuka rangi ya kutu. Chai ilitoka nyeusi, ukiitia maziwa inakuwa ya kijivu, na mashati meupe ya shule yakapata madoa yasiyotoka. Wewe umesomea jambo hilo: ni chuma kilichoyeyuka ardhini, ambacho hakionekani mpaka kikutane na hewa. Sisi tulijua tu kwamba maji ya ziwa hayaharibu nguo.

Siku ya makabidhiano, mtaalamu aliyekuwa amepima kina na wingi wa maji alituuliza mkutanoni kama tumeridhika. Chai ile nilikuwa nimekwisha kuionja, lakini nilipiga makofi pamoja na wenzangu, kwa sababu mgeni aliyekuchimbia kisima humwambii mbele ya mwenyekiti na wazee kwamba maji yake hayafai. Ukimya ule unaniuma hadi leo, kwani maji ya namna ile yakipigwa hewa na kuchujwa kwa mchanga, sehemu kubwa ya chuma hubaki mchangani. Watu wasioyapenda maji hawakuchangia fedha, na mpira wa pistoni ya pampu ulipolika kopo langu la michango lilikuwa tupu, naye kijana aliyefundishwa ufundi alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu.

Kwa hiyo usiitishe mkutano. Ondoka alfajiri pamoja na akina mama, beba ndoo yako, uwasikilize njiani kabla ya kuuliza lolote. Huko huenda si chuma bali chumvi, au foleni, au kufuli ambalo ufunguo wake hukaa kwa mtu mmoja. Wao watakuwa wanajua. Ukifika ufukweni simama pakavu, usiingize miguu majini, kwa maana konokono wa kichocho hukaa kwenye magugu ya ukingoni.

Jioni uombe upikiwe chai kwa maji ya pampu, kisha uniandikie ilikuwa ya rangi gani.

Mama yako