Diski imegoma na pesa ni kidogo: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Napiga video za harusi hapa Morogoro. Diski yangu ya nje ya terabaiti 1 imegoma tangu Jumamosi. Nikiichomeka, kompyuta inakwama, kisha inaniambia nifomati. Ndani kuna harusi tatu ambazo sijawakabidhi wenyewe. Nilipouliza bei ya kuzitoa nilichoka. Nina laki mbili na nusu tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Usifomati, na Windows ikijitolea kuikagua na kuirekebisha, kataa: ukarabati huo unaandika juu ya diski ile ile iliyobeba harusi za watu.

Badilisha waya, ichomeke mara moja, uitegee sikio. Ikigonga tk-tk-tk, chomoa papo hapo. Hapo vichwa vya kusomea huenda vimeumia, na kila sekunde ya umeme inaweza kukwaruza sahani za ndani zilizobeba data. Usiifungue mezani, maana vichwa hivyo huelea nanomita chache tu juu ya sahani. Chembe ya vumbi kwake ni jiwe. Habari ya kuiweka kwenye friza isahau, italeta unyevu ndani. Diski ya namna hiyo ifunge vizuri uiweke kabatini mpaka upate pesa ya maabara ya kuokoa data. Kukaa mwaka mzima bila umeme hakutaharibu video zako.

Ila kwa unavyoeleza, yako bado inaonekana kwenye kompyuta, na hiyo ni dalili njema. Pesa yako usiipeleke kwenye programu za kulipia. Nunua diski nzima ya terabaiti 2. Watu wengi hukosea hapa: wanaikamua diski mgonjwa faili moja moja mpaka inakata roho. Sisi tunainakili yote kwanza, kisha tunahangaika na nakala.

Washa kompyuta kwa Ubuntu (mfumo mbadala wa Windows) iliyo kwenye flashi, weka ddrescue, programu ya bure ya kunakili diski mbovu. Diski mpya iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Tumia amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, kujua ipi ni ipi. Ukizigeuza umeua kila kitu. Ukiwa ndani ya diski mpya, na kama mgonjwa ameorodheshwa kwa jina sdb, andika kwenye dirisha la amri (Terminal):

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb harusi.img ramani.log

Inachukua kwanza sehemu nzima na kuziruka mbovu. Inaweza kwenda siku mbili, iache. Umeme ukikatika, rudia amri ile ile, ramani.log inakumbuka ilipoishia. Ikimaliza, ondoa -n uweke -r3, irudie mabovu mara tatu.

Kisha elekeza TestDisk, programu ya kurudisha folda zilizopotea, kwenye ile nakala, harusi.img. Ikifanikiwa utapata folda na majina yake. Ikishindwa, programu mwenzake PhotoRec itachimba video bila majina, na zile ndefu zilizohifadhiwa vipande vipande baadhi hazitacheza.

Lakini leo hii, kabla hujaenda dukani, kusanya kadi za kamera ulizopigia harusi hizo. Hata kama ulizifuta, kama hujapiga juu yake PhotoRec inaweza kuzirudisha bila kuigusa diski kabisa. Kama una kazi wikiendi hii, azima kadi nyingine.