Maswali ya Wasomaji: Gari Kubwa, Bei Nafuu na Injini Yenye Sifa Mbaya

SWALI: Mimi na mume wangu tuna watoto wanne, na mama mkwe anaishi nasi, kwa hiyo tunatafuta gari la viti saba litakalohimili safari za Iringa hadi Dar es Salaam pamoja na barabara ya vumbi ya kwenda shambani kwetu Mufindi. Tumeonyeshwa Land Rover Discovery 4 ya mwaka 2012, dizeli ya lita 3.0, iliyotoka Uingereza. Ni nzuri sana ndani, na bei yake iko chini mno ya Land Cruiser 200 ya umri huohuo, tena chini hata ya Prado. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa miaka mingi, anaapa kwamba injini hizo hukatika krenkishafti. Muuzaji anasema hayo ni maneno ya wapenzi wa Toyota. Tumsikilize nani? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Shemeji yako hakuzua, dada. Injini hiyo ya V6 ilitokana na ushirikiano wa Ford na kampuni ya Kifaransa ya PSA. Ilianza ikiwa na lita 2.7 katika Discovery 3 ya mwaka 2004, ikakuzwa kuwa lita 3.0 Discovery 4 ilipotoka mwaka 2009, na katika saizi zote mbili imejulikana kwa ugonjwa mmoja mbaya. Beringi mojawapo inayoshika krenkishafti, yaani mhimili unaopokea nguvu za pistoni zote, hukosa oili ya kutosha, hushikwa na joto, kisha huzunguka mahali pake hadi tundu lake la kupitishia oili likahama na kuzibwa. Baada ya hapo chuma husagana na chuma, na mara nyingine krenkishafti yenyewe hukatika vipande viwili gari likiwa kwenye mwendo.

Muuzaji naye ana nusu ya ukweli. Ziko injini nyingi za namna hiyo ambazo zimetembea kilomita laki tatu bila kufunguliwa, na hakuna gari kubwa la dizeli lisilokuwa na ugonjwa wake. Ila kusema kwamba kila gari lina kasoro hakumsaidii mnunuzi, kwa sababu kasoro hazilingani. Kinachofaa kupimwa ni kama kasoro inatoa dalili mapema, kama fundi anaweza kuigundua kabla hamjalipa, na ikishatokea inaacha nini cha kuokoa.

Kwa vipimo hivyo, krenkishafti ya Discovery ni kasoro ngumu kuliko zote nitakazozitaja hapa. Dalili zake, zikiwapo, huja zimechelewa: mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, taa ya oili, kisha kimya. Gari linaweza kuwashwa asubuhi likanguruma vizuri, likapimwa kwa kompyuta lisionyeshe kosa lolote, na bado beringi ikawa imekwisha. Ikitokea, kwa kawaida hakuna cha kuokoa ila vifaa vya pembeni, maana bloku nayo huwa imeumia. Kuna na jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: katika Discovery 3 na 4 nafasi ya kufanyia kazi ni finyu kiasi kwamba mafundi wengi, wakitaka kuishughulikia injini kwa kina, huinua bodi lote kutoka kwenye chesisi. Kabla ya kununua, nenda kwa fundi wako umuulize kama ana lifti ya kufanya kazi hiyo na kama amewahi kuifanya. Akisita kujibu, jibu umelipata.

Sasa tuwatazame hao wa Toyota, maana nao wasipewe hati safi bure. Prado 150 yenye dizeli ya lita 3.0, ile injini iitwayo 1KD, inajulikana kwa vishikizo vya shaba, yaani pete za kuzibia, vinavyokaa chini ya nozeli zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda. Vikichoka, gesi za mwako hupenya na kuingia kwenye oili, oili hugeuka kuwa masizi mazito, na masizi hayo huziba chujio la kunyonyea oili lililo ndani ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini hufa kwa kiu huku dipstiki ikionyesha kwamba oili imejaa. Mwisho wake ni uleule wa Discovery, lakini njia ya kufikia mwisho huo ni ndefu, na inaonekana na kila anayetaka kutazama. Injini ikiwa inanguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili na uulaze kwenye tundu lake bila kuukaza: ukirukaruka na moshi ukatoka kwa mikupuo, nozeli zinavujisha. Fundi anaweza pia kushusha sampo ya chini na kukiona chujio hicho kwa macho yake. Kubadilisha vishikizo vyenyewe si gharama ya kumfanya mtu auze ng'ombe. Baadhi ya injini hizo zilipata pia nyufa kwenye pistoni, na hilo ni zito zaidi, ingawa mara nyingi hutanguliwa na moshi, mlio wa kugonga au nguvu kupungua, si kimya.

Land Cruiser 200 yenye dizeli ya V8 ya lita 4.5 ina adui mwingine, naye anawahusu ninyi wa Mufindi moja kwa moja: vumbi. Vumbi laini limejulikana kupenya pembeni ya chujio la hewa, likaingia kwenye turbo na silinda na kuzisaga taratibu kama msasa. Fundi alitoe chujio hilo, apitishe kitambaa cheupe ndani ya bomba upande ule ambao hewa inapaswa kuwa imeshasafishwa. Kitambaa kikitoka na wekundu wa barabara, liacheni gari hilo, hata kama rangi yake inang'aa. Katika zile za miaka ya mwanzo, tangu mwaka 2007, ulizieni pia habari za kula oili.

Asili ya gari nayo ina uzito katika hesabu hii. Nchini Japani, Prado 150 iliuzwa kwa injini za petroli tu hadi katikati ya mwaka 2015 ilipoletwa dizeli mpya ya lita 2.8, na Land Cruiser 200 ya huko ni ya petroli. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba Prado 150 yake ya dizeli ya lita 3.0 imetoka Japani, mwombeni karatasi, kwa kuwa kwa kawaida magari hayo yenye usukani wa kulia hutoka Uingereza, Australia au kwingineko. La Uingereza lina faida moja kubwa: ukiwa na namba yake ya usajili ya kule, unaweza kuingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza na kuona bila malipo historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka pamoja na maili zilizoandikwa kila mara. Gari lililosomeka maili 118,000 mwaka fulani haliwezi kufika Dar es Salaam likiwa na 74,000.

Historia hiyohiyo ina upande wake wa pili. Ratiba ya kubadilisha oili kwa Discovery hizo kule Uingereza ilizidi kilomita 20,000, na kwa injini ambayo udhaifu wake ni oili kwenye beringi, mimi huo nauona ni urefu wa kutisha. Gari ambalo mwenyewe wa kwanza alibadilisha oili mara mbili kuliko kitabu kilivyodai, na risiti zipo, ni gari tofauti kabisa na lile lililofuata kitabu neno kwa neno. Ongezeni hapo chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo husumbuliwa na salfa iliyomo kwenye dizeli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha ukomo wa salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa kwa kweli, lakini injini za Ulaya za wakati huo zilitengenezwa kwa dizeli ya sehemu 10.

Kama bado moyo wenu uko kwa Discovery, kabla ya kulipa mwombeni muuzaji awaruhusu kubadilisha oili kwa gharama yenu. Fundi achukue lile chujio kuukuu, alikate, alikunjue karatasi yake juani na kulitikisa polepole. Weusi ni wa kawaida kwa dizeli. Vipande vinavyometameta kama unga wa shaba au fedha ni beringi inayoaga, na mazungumzo ya bei yaishie hapo. Karatasi safi haithibitishi kwamba injini itadumu. Inaondoa tu yale mabaya yaliyokwisha kuanza. Thibitisheni pia kwamba mikanda yote miwili imeshabadilishwa, ule wa taimingi wa mbele na ule mfupi wa nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, kwa kuwa huo wa nyuma husahauliwa.

Ushauri wangu kwa familia yenu ni Prado ya lita 3.0 iliyoshushwa sampo na kukaguliwa, na mkanda wake wa taimingi ubadilishwe ikikaribia kilomita 150,000. Discovery ningewakubalia kwa sharti moja tu, kwamba tofauti yote ya bei ibaki benki bila kuguswa, iwe ndiyo injini ya pili. Kama fedha hizo tayari zina kazi nyingine, iwe ada za shule au paa la nyumba, basi unafuu wa gari hilo ni wa kwenye karatasi tu, na siku injini itakapozimika mlima Kitonga na mama mkwe yumo ndani, hamtakuwa na pa kushika.

SWALI: Nimepata Discovery ambayo tayari imebadilishwa injini. Je, si bora zaidi, maana tatizo limeshaisha? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Inategemea iliyowekwa ni ipi. Injini mpya kabisa yenye hati ya muuzaji wa vipuri ni jambo jema. Injini ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali inaanza bahati nasibu ileile upya, tena safari hii bila historia, kwa sababu kitabu cha gari kinasimulia habari za injini iliyotupwa. Injini iliyofanyiwa ovaholi ndiyo ya kuulizia kwa makini kuliko zote: krenkishafti ilikuwa mpya au ilichongwa, beringi zilitoka kwa nani, na njia za oili zilisafishwaje baada ya injini ya kwanza kusambaza vumbi la chuma humo ndani? Muuzaji asiyekuwa na risiti ya kazi hiyo amekueleza habari tu. Hakikisha pia kwamba namba ya injini iliyomo inalingana na iliyo kwenye kadi ya gari, kwa kuwa kubadilisha bila kuandikisha kutakusumbua wewe, si yeye.

SWALI: Ninaishi Houston na nina familia kubwa. Nataka kununua GMC Yukon Denali ya mwaka 2022 yenye V8 ya lita 6.2, iliyotumika. Nasikia injini hizo ziliitwa kurudi kiwandani. Muuzaji anasema ni asilimia chache sana. (Msomaji, Marekani)

JIBU: Mwezi Aprili 2025 General Motors ilitangaza kuyaita karibu magari 600,000 nchini Marekani, ya matoleo ya 2021 hadi 2024: Yukon, Tahoe, Suburban, Escalade, Silverado na Sierra zenye injini hiyo, kwa sababu ya kasoro za utengenezaji kwenye krenkishafti na mikono ya pistoni. Kampuni ilikadiria kwamba kasoro imo katika kama asilimia 3 ya magari hayo. Muuzaji wako amesema kweli, lakini asilimia 3 ya idadi hiyo ni injini zipatazo 18,000, na ikikuangukia wewe kwenye barabara kuu yenye malori, haikuangukii kwa asilimia.

Tofauti yako na dada wa Iringa ni kwamba kasoro yako ina mdhamini. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya huko, nayo itakuonyesha bure kama gari limo katika wito huo na kama kazi imefanyika. Usinunue gari ambalo wito wake uko wazi kwa ahadi kwamba litashughulikiwa baadaye, lishughulikiwe kwanza. Jua pia kwamba kushughulikiwa kuna sura mbili. Injini iliyoshindwa ukaguzi ilitengenezwa au kubadilishwa. Iliyofaulu iliachwa ilivyo, ikawekewa oili nzito zaidi, yaani 0W-40 badala ya 0W-20, pamoja na mfuniko mpya wa kujazia oili. Mimi ningelipa zaidi kwa gari lililopewa injini mpya kuliko kwa lile lililopewa oili mpya.

Ukikataa 6.2, Yukon na Tahoe zenye V8 ya lita 5.3 hazimo katika wito huo, ingawa nazo zimelalamikiwa kwa vinyanyua vali, hasa kwa sababu ya mfumo unaozima baadhi ya silinda ili kubana mafuta. Dizeli yao ya lita 3.0 nayo haimo. Ukienda kuliona gari, fungua boneti uusome mfuniko wa oili: ulioandikwa 0W-40 unakuambia kwamba injini ni ileile ya awali iliyofaulu ukaguzi, ulioandikwa 0W-20 huenda unamaanisha injini mpya, au huenda hakuna aliyeligusa gari hilo, na hapo karatasi ya karakana ndiyo ya kuamua.