Barometa kusoma 815 hapa Nakuru

Ndugu, umeuliza kama barometa yako ya dijitali (kipimo cha mgandamizo wa hewa) imeharibika kwa kuwa inasoma hektopaskali 815 na ripoti ya hali ya hewa inasema 1018. Iko sawa. 815 ndio mgandamizo halisi wa hewa wa Nakuru, mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari. Namba ya ripoti imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari. Ili barometa yako nayo igeuze hivyo, iingizie mwinuko wa nyumba yako, si wa mji: miteremko ya mlima Menengai na ziwani si sawa, na kila mita 10 ni karibu hektopaskali 1. Kisha linganisha namba yako na ya kituo cha hali ya hewa ya saa ileile. Hapo nilijichanganya wiki nzima! Mgandamizo hupanda hadi saa nne asubuhi, ukashuka hadi saa kumi jioni, hata bila wingu.