Barua kwa Mwanangu: Mabingwa wa Barafu Waliokosa Dhahabu ya Olimpiki

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuona kwamba uraibu huu wa kutazama watelezaji wa barafu umekupata na wewe. Umeniuliza swali ukalitia na mkia. Inawezekanaje Kurt Browning awe bingwa wa dunia mara nne, halafu asitoke Olimpiki hata na medali ya shaba? Na watu wa namna hiyo tuwaite wakubwa, au siku ya siku ilipofika walipungukiwa na moyo? Kisha ukanitajia majina matatu, Browning, Patrick Chan na Brian Joubert, ukataka nikuambie nani zaidi.

Hilo la moyo naomba uliweke kando kwanza. Linapendwa na watangazaji kwa sababu halihitaji kujua chochote. Tazama hesabu yenyewe: ubingwa wa dunia hushindaniwa karibu kila mwaka, Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne, na enzi za Browning mwanamume alipewa programu fupi isiyofika dakika tatu na programu huru ya dakika nne na nusu. Mtu anafanya mazoezi tangu utotoni, kisha anapimwa kwa dakika saba. Mgongo ukiuma wiki hiyo, basi.

Na mgongo ndio ulioanza kumwangusha Browning. Kijana huyu wa Canada ndiye aliyetua mruko wa kwanza wa mizunguko minne kutambuliwa rasmi katika mashindano, Budapest, Machi 1988. Mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Calgary, alikuwa wa nane, na hakuna aliyemlaumu, alikuwa bado anapanda. Akachukua ubingwa wa dunia 1989, 1990 na 1991. Alipofika Albertville 1992 mgongo ulikuwa umeshamharibia msimu, akawa wa sita. Mwaka uliofuata akautwaa tena ubingwa wa dunia. Lillehammer 1994 alibeba bendera ya nchi yake, na kila mtu aliona sasa zamu yake imefika. Katika programu fupi akaanguka kwenye mruko mmoja na mwingine akaupunguza mizunguko. Programu fupi ya wakati ule ilikuwa na vipengele vya lazima, kosa likakatwa palepale, wala huwezi kulifidia kwa kuongeza kitu kingine mbele. Akamaliza jioni hiyo wa kumi na mbili. Kwa utaratibu wa alama za nafasi uliotumika siku zile, uliohesabu nafasi uliyoshika katika kila programu, dhahabu ilikuwa imeshaondoka kabla hajavaa vazi la programu huru. Akapanda hadi wa tano. Mimi nadhani huwezi kuielewa nafasi ile ya tano mpaka ukumbuke alikotoka siku mbili kabla.

Lakini usiwachanganye wote kapu moja. Wako walioshindwa na mwili, wako walioshindwa na kanuni, na wako, lazima tukubali, walioiacha dhahabu ikapita mbele ya macho yao.

Wa kanuni ndio wanaonikera zaidi kwa niaba yao. Hadi mwaka 1990 mashindano ya dunia yalianza na michoro ya lazima. Mtelezaji anachora duara na namba nane kwenye barafu kwa kisu cha kiatu, taratibu, bila muziki, anarudia juu ya mstari uleule, kisha majaji wanainama kukagua kama mistari imelingana. Ilikuwa kazi ya ustadi, sikatai. Ila kwa miaka mingi ilibeba sehemu kubwa mno ya alama, na mtu aliyewaacha wenzake mbali kwa kuruka na kucheza angeweza kuwa ameshapoteza kabla watazamaji hawajaketi. Emmerich Danzer wa Austria alikuwa bingwa wa dunia 1966, 1967 na 1968. Katikati ya hayo, kwenye Olimpiki ya Grenoble 1968, michoro ikamharibikia, akamaliza wa nne. Dhahabu ikaenda kwa Mwaustria mwenzake, Wolfgang Schwarz, ambaye 1966 na 1967 alikuwa wa pili nyuma ya Danzer huyohuyo. Wiki chache baadaye Danzer akashinda tena ubingwa wa dunia Geneva. Ukitazama orodha ya washindi wa Olimpiki peke yake, mtu huyu hayupo kabisa.

Toller Cranston wa Canada naye. Huyu alikuwa mchoraji wa picha hasa, na alipokuwa kwenye barafu mikono, mgongo na shingo vilisema mambo ambayo wanaume wa wakati wake hawakuthubutu. Michoro ya lazima haikumpenda. Innsbruck 1976 alipata shaba, na hakuwahi kuwa bingwa wa dunia hata mara moja. Hata hivyo, ukiona leo mwanamume anateleza kwa mwili mzima badala ya kuruka na kungoja mruko mwingine, Cranston ana mkono wake pale.

Sasa Brian Orser, ambaye hukumtaja na ungepaswa kumtaja. Sarajevo 1984 alishinda programu fupi, akashinda na programu huru, na akatua mruko uitwao Akseli, wa mizunguko mitatu na nusu, wa kwanza wa aina hiyo katika Olimpiki. Akapewa medali ya fedha. Kwa nini? Katika michoro alikuwa wa saba, na Scott Hamilton wa Marekani alikuwa wa kwanza. Miaka minne baadaye, Calgary, nyumbani kwao, akiwa bingwa wa dunia na mbeba bendera, alikutana na Brian Boitano. Katika programu huru Orser alitua vibaya kidogo mruko mmoja, na Akseli yake ya pili akaipunguza. Majaji walikuwa tisa: watano wakamweka Boitano juu, wanne wakamweka Orser. Jaji mmoja tu angegeuka! Siku hizi watu husema ilikuwa dhuluma. Mimi sioni hivyo, Boitano aliteleza safi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona katika usiku mmoja. Dhuluma, kama ipo, ni ya 1984.

Elvis Stojko, Mkanada pia, nitampitia haraka, ingawa najua wengi wanamwabudu. Mabingwa watatu wa dunia katika mtu mmoja, 1994, 1995 na 1997, fedha mbili za Olimpiki. Ya pili, Nagano 1998, aliiteleza akiwa ameumia kinena, na jukwaani akapanda na viatu vya mazoezi kwa sababu ya maumivu. Ushujaa, ndiyo. Lakini miruko yake ilinivutia kuliko nilivyovutiwa na yeye akiwa kati ya mruko na mruko, na kwangu hilo lina uzito.

Chan, naye wa Canada, ndiye ninayemweka kwenye kundi la tatu. Ana ubingwa wa dunia 2011, 2012 na 2013, na visu vya viatu vyake vilikata kona kwa kina ambacho hakuna mwingine wa kizazi chake alikifikia. Anasukuma mara mbili amevuka uwanja. Paris, Novemba 2013, alipata pointi 295.27, rekodi ya dunia wakati huo, na Yuzuru Hanyu wa Japani akawa wa pili. Miezi mitatu baadaye, Sochi, Hanyu aliongoza baada ya programu fupi, kisha katika programu huru akaanguka mara mbili. Mlango ukafunguka wazi. Chan akaanza kwa mruko mzuri wa mizunguko minne, halafu makosa yakaanza kufuatana. Hanyu 280.09, Chan 275.62. Hapa hakuna mgongo, hakuna michoro ya lazima, hakuna jaji wa kulaumu. Dhahabu aliyokuja kuipata Pyeongchang 2018 ni ya timu, na ni dhahabu halali, lakini najua wewe unauliza ya mtu mmoja.

Na nani alikuwa kocha wa Hanyu usiku ule wa Sochi? Brian Orser. Mkanada aliyeikosa kwa jaji mmoja alikuwa upande wa Mjapani aliyeiondoa mikononi mwa Mkanada mwingine. Siku ileile mwanafunzi wake mwingine, Javier Fernández wa Hispania, aliikosa shaba kwa pointi 1.18. Fernández baadaye akawa bingwa wa dunia 2015 na 2016, na shaba akaipata 2018. Stéphane Lambiel wa Uswisi, bingwa wa dunia 2005 na 2006 na mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya Turin 2006, naye aligeuka kocha. Shoma Uno aliutwaa ubingwa wa dunia 2022 na 2023 akiwa mikononi mwake. Uno naye ana fedha na shaba za Olimpiki, lakini dhahabu hana.

Kwa hiyo kati ya majina yako matatu, jibu langu ni Browning, wala sisiti. Chan alikuwa mtelezaji bora zaidi kwa maana ya kuteleza kwenyewe, lakini Browning aliuacha mchezo ukiwa kitu kingine: kabla yake mizunguko minne ilikuwa ndoto, baada yake ikawa deni ambalo kila bingwa anadaiwa, na bado mtu yuleyule aliweza kuigiza na kuchekesha kwenye barafu. Joubert wa Ufaransa simdharau. Medali sita za dunia, ikiwemo dhahabu ya 2007, si mchezo. Ila katika Olimpiki nne alikuwa wa 14, wa 6, wa 16 na wa 13, na ninapozitazama tena programu zake naona nguvu nyingi na mengine machache. Najua utanibishia.

Ukipata nafasi, mtazame Browning wa 1991 kwanza, kisha umrudie Cranston, hata kama picha zake ni za zamani na hazionekani vizuri. Chan wa Paris mwache mwisho. Programu huru ya Sochi usiitazame peke yako, tusubiri uje, maana nataka tuisimamishe kila mruko unapotua tubishane ni wapi hasa ilipoharibika.

Baba yako