Kabla ya kumhamisha mtu, fungeni banio

Mhariri, mmeuliza wiki hii: je, wanaoishi kandokando ya mito waondolewe ili mito na viumbe wake wapone? Nasema hapana, tena kwa uchungu, maana mimi ni mtu wa Usangu, bonde la mpunga kule Mbeya, na huko habari za kuondolewa tunazijua. Mwaka 2006 wafugaji walitolewa kwenye kinamasi cha Ihefu na ng'ombe wao. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini mto Ruaha Mkuu, uliokauka mara ya kwanza mwaka 1993, uliendelea kukatika kiangazi. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope hadi wanauana, na samaki wanaishia tumboni mwa korongo.

Swali ningeliuliza hivi: mpunga ukishavunwa, nani anayafunga maji?

Mjomba wangu analima Mbarali. Nilimtembelea mwezi wa nane, mavuno yamekwisha, magunia yako ghalani. Jioni tukapita mashambani. Majaruba yalikuwa matupu, vishina tu, na bado maji yalikuwa yanaingia, yanajaa jaruba moja, yanamwagikia la pili, mpaka yanapotelea kwenye nyasi huko mwisho. Nikamuuliza yanamwagilia nini. Akanyamaza. Tukafuata mfereji hadi kwenye banio, ule ukuta wenye lango unaochepusha maji ya mto yaingie mferejini. Lango la chuma lilikuwa juu, usukani wake umeshika kutu, kufuli linaning'inia wazi. Upande wa mfereji maji yanakwenda kwa kishindo. Upande wa mto, mchanga mtupu, na chini ya ukuta kidimbwi cha ukubwa wa mkeka. Watoto wawili walikuwa wanavuta kipande cha chandarua humo. Walitoa perege wa kidole na kambale mmoja aliyepakaa tope mpaka machoni, bado anachezesha sharubu. Mjomba akaniambia, "Mjomba, tukifunga sisi, wa mfereji wa pili watachukua. Kwa hiyo hafungi mtu." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: akina mama wa kijiji kizima wanachota maji ya kupikia kwenye mfereji huohuo, kisima hakuna.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ni sheria nzuri, siibezi. Ila shamba la mjomba liko mbali kabisa na mto, mita 60 hazimgusi, ilhali mama mwenye tuta la mchicha na ndoo yake ukingoni ndiye anayefukuzwa. Nani kati yao anamkausha kiboko? Na si kiboko peke yake. Maji hayo ndiyo yanayoshuka kwenye mabwawa ya umeme, Mtera kisha Kidatu, yakatuwashia taa.

Kwa hiyo mabanio yafungwe kila baada ya mavuno, na ufunguo usikae kwa mwenye shamba. Visima vichimbwe kwanza, la sivyo tutakuwa tumemwokoa kambale kwa kuwanyima watoto maji.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini ninavyoandika nayakumbuka mashamba mapya yaliyofunguliwa huko juu mtoni, kabla maji hayajafika kwenye mabanio, yasiyo na kibali cha maji, mifereji ya kuchimba kwa jembe usiku. Hayo hayana lango la kufunga. Jumuiya ya watumia maji ikipatana zamu huku chini, huko juu mto umeshagawanywa. Sioni namna nyingine: wenye mashamba hayo waondoke. Si kwa kuchomewa vibanda, wala si mpunga ukiwa umeshachanua. Waonyeshwe pa kwenda, na aliyekuwapo kabla ya mabanio asiguswe. Lakini waondoke. Mjomba akisoma hapa atanuna, kwa sababu shamba lake la pili ni mojawapo.